Onema Godefroid, Miaka Kumi na Saba Ndani ya Kaske

Jumatatu tarehe 31 Machi 1958, saa kumi na nusu alasiri, Bwana Onema Godefroid atavua kaske yake, ataitundika kwenye msumari ulio kushoto mwa dirisha, na kazi yake katika kituo cha simu ya upepo cha bandari ya Kindu itakuwa imekwisha. Atakuwa ametumika miaka thelathini na moja na karibu miezi mitatu. Aliingia kazini Jumatatu tarehe 3 Januari 1927, na Jumatatu anatoka. Katika muda wote huo alikosa kazi siku kumi na moja tu: tisa za homa, moja ya mazishi ya mama yake huko Tunda, na moja ambayo tutaieleza, kwa maana ndiyo iliyomletea mashaka makubwa na sifa kubwa pia.

Kwa wale wa reli na wa ghala ambao hawajawahi kupanda ngazi za kituo chetu, tuseme kwanza kaske ni nini. Ni kama taji la chuma jembamba lenye vifuniko viwili, kimoja kwa kila sikio. Ndani ya vifuniko hivyo husikika sauti za stima zilizo mbali, kwa herufi za Morsi: mlio mfupi, mlio mrefu. Mtu anayevaa kaske husikiliza, na mkono wake huandika. Kazi yote iko masikioni. Sasa fikirini mtu wa kazi hiyo ambaye masikio yake mwenyewe yanalia mchana kutwa, yakitoa mlio mwembamba usiotoka kwa stima yoyote. Huyo ndiye Onema. Amefanya kazi hiyo miaka kumi na saba, na leo wale wote wanaovaa kaske Kindu wamefundishwa naye.

Mlio huo hakuuokota kwenye simu. Aliupata kwenye boila.

Alipotoka shule ya misheni ya Tunda akiwa kijana mwenye mwandiko mzuri, Onema alitumaini kupewa kalamu. Atelie ya reli, yaani karakana yake, ilimpa chuma. Alikuwa mwembamba, na mtu mwembamba alikuwa na bei yake pale, kwa kuwa angeweza kupenya kwenye tundu la boila, lile tangi la mvuke la gari la moshi. Boila hushonwa kwa misumari minene iliyokolezwa moto. Wawili wako nje wanagonga kwa nyundo, na mmoja yuko ndani anashikilia kipande kizito cha chuma nyuma ya kila msumari ili usirudi. Wa nje wanasikia nyundo. Wa ndani anakaa katikati ya kengele. Onema alikaa humo miaka tisa.

Mwaka wa tatu, akitoka kazini, aligundua kwamba panzi wa jioni walikuwa wakilia hata saa sita za mchana. Akamuuliza mwenzake Bulaimu, fundi wa nyundo, mtu wa hapa hapa Kindu, kama naye anawasikia. Bulaimu alicheka, akamwambia panzi hao anao yeye tangu mwaka wa mafuriko, na kwamba wengine katika atelie wana filimbi, wengine wana mvua, na mzee mmoja ana gari la moshi lisilofika kamwe.

Lakini Bulaimu hakuishia kwenye kucheka. Baba yake alirina asali, na nyumbani nta haikukosekana. Siku ya pili alimletea Onema vizibo viwili vya pamba iliyokandwa kwa nta, akamwonyesha namna ya kuvilainisha kwa vidole na kuviingiza taratibu. Vijana wa atelie waliwacheka wote wawili. Walisema watu hao wameziba masikio kama chupa za mafuta ya mawese zinazokwenda sokoni. Onema na Bulaimu hawakujibu, kwanza kwa kuwa hawakusikia.

Hapa tutulie kidogo tueleze jambo, kwa kuwa wengi hulichanganya. Vizibo vile havikuufuta mlio wa Onema. Aliyekwisha kuupata huwa nao. Kazi ya kizibo ni kuzuia makelele mapya yasiujeruhi zaidi ule uzi mdogo wa kusikia ulio ndani. Kipimo tunacho wenyewe mjini. Bulaimu leo ana miaka sitini na tano na bado anasikia mwadhini akiwa uani kwake. Katika wale waliomcheka, wawili hushtuka wakiguswa bega, maana hawasikii mtu akija.

Basi Onema alikuwa na dawa nzuri, na kama watu wengi wenye dawa nzuri, akaizidisha. Aliwaza hivi: ikiwa vizibo vinanisaidia kwenye boila, vitanisaidia zaidi nyumbani. Akawa havivui. Alikwenda navyo kwenye misa, alikula navyo, alilala navyo. Alikuwa ndiyo kwanza ameoa. Mkewe, Mama Adolphine, alikuwa akizungumza naye jioni, na mumewe anaitikia kwa kichwa na kutabasamu, na yule bibi akajiona ameolewa na mtu mpole kupita wote wa Maniema. Kwa kutikisa kichwa hivyo Onema alikubali mambo mengi. Alikubali shangazi ya mkewe aje kukaa nao. Alikubali aje na mbuzi zake tatu. Alijua hayo siku aliporudi kazini akakuta mbuzi wanatafuna kofia yake ya sherehe.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mlio haukupungua. Ulikua. Panzi wakawa kundi zima, na usingizi ukamkimbia. Akaongeza nta. Mlio ukaongezeka tena. Alikonda, na akaanza kuogopa kwamba akili yake inaondoka.

Ni Mama Adolphine aliyegundua kosa, naye hakusomea udaktari. Siku moja ya mvua alimkalisha kwenye kiti, akamvua vizibo vyote viwili kwa ukucha, akamwambia maneno ambayo Onema huyarudia mpaka leo kwa kila anayejifunza kwake:

“Baba, mwizi iko ndani, na wewe unafunga mulango.”

Onema anasema alikaa pale na kusikia mvua juu ya majani ya paa, shangazi akikemea mbuzi, mtu akipasua kuni kwa jirani. Na mlio? Ulikuwapo, lakini ulikuwa umekaa nyuma ya watu wengine, kama mgeni mmoja kati ya wageni wengi. Kumbe ndani ya kizibo ulikuwa peke yake, na aliye peke yake chumbani husikika hata akikohoa. Tangu siku hiyo alivaa vizibo kazini tu. King'ora cha kufunga kazi kikilia, anavua. Usingizi ulirudi baada ya majuma machache. Shangazi hakurudi kwao.

Mwaka 1936 mkuu wa stesheni alihitaji mtu wa simu ya waya. Onema alikuwa amejifunza Morsi mwenyewe, akisimama nje ya dirisha la ofisi saa ya kula, na alipojaribiwa alipokea ukurasa mzima akakosa herufi mbili. Alitoka kwenye boila akiwa na miaka thelathini na moja na kovu kwenye kiwiko. Mwaka 1941, vita vilipoongeza kazi za mto na za reli, alihamishiwa kwetu bandarini, akavishwa kaske.

Wenzake wapya walijua historia yake wakamwita Yaya Boila, yaani Kaka Mkubwa wa Boila. Jina hilo lilitungwa na Florentin, mpokeaji wetu wa mashine ya pili, mwenye masikio mazuri na mdomo usiopumzika. Florentin ndiye aliyeshika upande mmoja wa ubishi mkubwa uliodumu miaka mingi katika kituo. Alisema kaske inakula masikio, na kwamba mtu mwenye mlio akiivaa ataongezewa hadi awe kiziwi. Wa upande mwingine walisema kaske haina neno, chuma hakiumi, na kwamba mlio ni damu tu. Wakabishana kama watu wabishanavyo kuhusu mpira, bila yeyote kupima.

Onema hakubishana. Alikuwa na hofu yake mwenyewe. Katika miezi ya kwanza aliona kwamba siku anazopandisha sauti ya mashine, mlio humfuata nyumbani ukiwa mkali hata asubuhi ya pili. Siku anazoishusha, mlio unabaki ulivyokuwa. Akaanza kushusha kidogo kidogo, bila kumwambia mtu. Alijua nusu ya jibu. Nusu ya pili ilimfikia kwa uchungu.

Ilikuwa Oktoba 1947. Stima moja ilikuwa imesimama karibu na Lokandu, ikisubiri kuambiwa kama njia ya maji iko wazi. Iliita Kindu kutoka saa tatu asubuhi. Onema alikuwa kwenye kiti chake, kaske masikioni, macho wazi, na hakusikia kitu. Stima iliita hadi saa sita, ndipo Florentin, aliporudi kutoka ghalani na kuvaa kaske yake, akaisikia mara moja. Abiria walikuwa wamekaa juani saa tatu bure.

Wengine wangesema mashine iliharibika. Kulikuwa na mvua za radi siku zile, na udhuru ulikuwa tayari mezani. Onema alikwenda kwa shefu wa kituo mwenyewe, akasimama, akaeleza kwamba stima iliita na yeye hakuisikia, na kwamba tangu 1929 ana mlio katika masikio. Hakuna aliyemlazimisha. Shefu, ambaye hakuwa mtu mbaya lakini alikuwa mtu wa karatasi, aliandika barua siku ileile. Ilisema mpokeaji mwenye ugonjwa wa masikio hafai kushika kaske. Onema apelekwe ghalani kuhesabu magunia, isipokuwa daktari aseme vinginevyo. Siku iliyofuata alikatazwa kupanda ngazi. Hiyo ndiyo ile siku ya kumi na moja.

Mtu asiyejua kazi yetu anaweza kudhani magunia ni kazi kama nyingine. Kwa Onema kiti kile kilikuwa kila kitu alichokitoa mwilini mwa boila kwa miaka tisa. Alikwisha kuwaambia watu wa Tunda kwamba mtoto wao anaongea na stima ambazo haonani nazo. Aliomba apewe majuma mawili kabla ya kupimwa, na shefu akampa, akiwa chini ya macho ya Florentin.

Katika majuma hayo alijiuliza swali moja tu: kwa nini stima ile na si nyingine? Siku ileile alikuwa amezisikia nyingine mbili vizuri. Alimwomba Florentin aigize kwa kupuliza mluzi sauti ya ile iliyoita. Florentin alipuliza mluzi. Onema akanyanyua mkono, akamwambia apandishe kidogo, ashushe kidogo, hapo, simama. Kisha akacheka peke yake, na Florentin akadhani sasa amekwisha kweli. Ile sauti ya stima ilikuwa sawasawa na sauti ya panzi wake. Ilikuwa imeingia ndani ya mlio kama mtu mwenye kanzu nyeupe akipita mbele ya ukuta mweupe. Ilifika sikioni, ila haikuonekana.

Mashine zetu zina vifundo viwili. Cha kwanza huongeza nguvu ya sauti. Cha pili hubadili wembamba na unene wake, na sisi sote tulikuwa tumekiacha mahali alipokiweka fundi aliyeifunga mashine, kana kwamba kilipigiliwa. Onema alikizungusha. Milio myembamba ikashuka, ikawa minene, kama sauti ya mwanamume baada ya ile ya mtoto. Sasa stima zilizungumza chini na panzi wakaimba juu, na hawakugongana tena. Alifanya na jambo la pili: kifuniko cha sikio la kulia alikisogeza mbele, kikalala kwenye mfupa wa shavu, ili sikio hilo lisikie ofisi, kalamu, mlango, upepo. Mwizi asibaki peke yake ndani. Kwa kufanya hivyo aliweza kushusha nguvu hadi nusu ya ile wanayotumia wenzake.

Siku ya kupimwa walikuja shefu na daktari wa hospitali ya wafanyakazi. Saa nne asubuhi mawingu yalikuwa mazito upande wa chini wa mto, na kaske zilijaa mikwaruzo ya radi. Daktari alitaka wapokeaji wawili wapokee habari moja kwa pamoja, kila mmoja kwenye mashine yake, na karatasi zilinganishwe. Haikuwa habari ya mchezo. Stima iliyokuwa inapanda ilikuwa inatuma vipimo vya maji kutoka njiani, na gatini Kindu palikuwa na stima nyingine, imepakia watu na mizigo, inangoja vipimo hivyo ili iteremke.

Florentin alipandisha sauti mpaka mwisho, kama tulivyozoea sote mvua ikija. Onema aliiacha nusu. Daktari alitazama kifundo hicho, akamtazama shefu. Waliandika dakika sita. Karatasi zilipowekwa pamoja zilikuwa sawa isipokuwa tarakimu moja. Mahali ambapo mchanga ulikuwa umehama, juu kidogo ya Lokandu, Florentin alikuwa ameandika mita mbili na sentimita kumi. Onema ameandika mita moja na kumi. Katika Morsi moja na mbili hutofautiana kwa mlio mmoja tu, mfupi au mrefu.

Shefu alinyoosha mkono kuchukua karatasi ya Florentin. Ilikuwa ya mtu mwenye masikio mazima, na ofisi yote ilijua hivyo. Ndipo Onema, ambaye hakuwahi kumsemesha shefu kabla ya kusemeshwa, alisema:

“Bwana Shefu, ni moja. Niondoe kesho, lakini leo uiulize stima.”

Florentin mwenyewe ndiye aliyeweka kidole kwenye ufunguo wa kutuma herufi na kuuliza, na tunamheshimu kwa hilo. Jibu lilirudi mara tatu, polepole: moja na kumi. Stima iliyokuwa gatini ilikuwa inazama mita moja na arobaini. Ingefika pale ikiwa na watu mia na zaidi na kukaa juu ya mchanga, kama si kupasuka kabisa. Ilizuiwa siku mbili, mzigo ukapunguzwa, ikapita salama.

Daktari alitaka kujua inawezekanaje mgonjwa asikie kuliko mzima. Onema alimweleza, na tunaeleza hapa kama alivyoeleza. Ukipandisha nguvu, hupandishi stima peke yake. Unapandisha na radi. Sikio likipigwa na vyote viwili kwa nguvu linachoka, na likichoka linabahatisha. Sikio lenye mlio limejifunza kutafuta, kwa sababu halikupewa kitu bure. Daktari alitikisa kichwa kwa muda, akaandika mistari minne, ambayo nakala yake iko kwenye faili la kituo: mtu huyu abaki mahali alipo, na wengine wafanye anavyofanya.

Florentin alivua kaske yake. Alingoja watu wale washuke ngazi. Kisha akasema, “Yaya Boila, nionyeshe kile kifundo.”

Ubishi wa kituo uliishia hapo. Je, kaske inaongeza mlio? Ikivaliwa kwa sauti kubwa, inaongeza, na hata asiye na mlio inaweza kumpatia. Ikivaliwa kwa sauti ya chini, na mtu akapumzika nusu saa katika kila saa nne, haikumwongezea Onema chochote kwa miaka kumi na saba. Je, kizibo kinatibu mlio? Hakitibu. Kinamlinda mtu penye makelele, na penye utulivu kinamtesa. Hayo ameyaandika Onema kwa mwandiko wake wa Tunda kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya mashine, na atelie ya reli iliomba nakala. Siku hizi kila anayeingia ndani ya boila hupewa pamba na nta mlangoni, naye huvirudisha mlangoni. Hakuna anayecheka. Ameshafundisha wapokeaji kumi na wanne, na hakuna hata mmoja aliyeondolewa kwa ajili ya masikio.

Tusidanganyane kwa kuwa leo ni siku ya sifa: mlio haukuondoka. Upo hata sasa anaposomewa maneno haya. Tulipomuuliza juzi ukoje, alisema ni wale wale panzi wa 1929, ila wamezeeka pamoja naye na hawaruki tena. Nafasi yake inashikwa na Florentin, ambaye siku hizi huwakaripia wengine wakigusa kifundo cha sauti.

Watu wengi wakistaafu hutafuta mahali pa kimya. Onema alionyeshwa kiwanja kizuri kwenye kilima, mbali na njia, ambako mtu angeweza kusikia jani likianguka. Alikitazama kwa adabu, akashukuru, akakataa. Yeye na Mama Adolphine wamejenga Lokandu, hatua themanini kutoka mahali mitumbwi inapofunga, ambapo wauza samaki huanza kubishana alfajiri na maji hayanyamazi. Kutoka barazani kwake ataziona kwa macho stima alizozisikia tu.

Sisi wenzake tumemnunulia saa ya ukutani. Florentin alikwenda dukani, akaweka sikio kwenye saa nne moja baada ya nyingine mbele ya mwenye duka aliyeanza kumwonea wasiwasi, akachagua inayogonga kwa sauti ya kutosha kujaza chumba bila kumwamsha Mama Adolphine.

Mzee Onema, umetuachia kituo kinachosikia. Asante kwa tarakimu ile moja, asante kwa siku uliyokwenda kwa shefu bila kuitwa. Asante nawe, Mama Adolphine, uliyemvua vizibo. Nendeni salama, mzeeke vizuri, na nyumba yenu isikose kamwe mvua juu ya paa, wajukuu uani, na mbuzi watatu wa kukemewa.